Maisha ya Watu Wakubwa: John Tyndall, Mutu Aliyetazama Vumbi

Katika numero hii tunataka kuwaelezea maisha ya John Tyndall. Sisi wa mwaka wa sita tulikuta jina lake katika somo la fizike, mustari mumoja tu, kisha mwalimu akaendelea mbele sababu programu ni ndefu. Tulibaki na hamu ya kujua mutu huyo alikuwa nani. Tuliyoyapata ni mengi kuliko tulivyofikiri, na mengine hayakutufurahisha. Tutayaandika yote.

Tuanze na kitu ambacho kila mutu hapa amekwisha kuona. Asubuhi wakati wa ibada, jua linapoingia kwa tundu la musumari katika mabati, mushale wa nuru unashuka mpaka chini, na ndani yake vumbi linaruka-ruka. Pembeni ya mushale hatuoni kitu, tunasema hewa ni safi. Kumbe ni hewa ile ile. Vumbi liko pote, ila macho yetu hayalioni pasipo nuru ile. Wengi wetu tunatazama kidogo, kisha tunarudia kufunga macho kwa maombi. Tyndall yeye alitumia miaka mingi ya maisha yake kwa kile kitu.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa nane 1820 katika muji mudogo wa Leighlinbridge, katika inchi ya Irlandi. Baba yake alikuwa polisi wa cheo kidogo, mutu wa mushahara kidogo lakini mwenye kupenda vitabu. Alikuwa Muprotestanti mukali, mwenye kubishana sana na Wakatoliki juu ya mafundisho. Lakini alipotaka mutoto wake ajue hesabu vizuri, alimupeleka kwa mwalimu John Conwill, na huyo alikuwa Mukatoliki. Sababu? Njo aliyekuwa mwalimu muzuri wa hesabu katika sehemu ile, basi. Tunafikiri baba huyo alikuwa na akili kuliko wazazi wengi. Kijana alikaa kwa masomo mpaka akakaribia miaka 19.

Mwaka 1839 alipata kazi ya kupima udongo na kuchora karte za serikali. Mwaka 1842 wakamupeleka Uingereza kwa kazi ile ile. Huko yeye na wenzake waliona mushahara ni mudogo, na wafanya kazi wa Irlandi wanazarauliwa. Wakaandika barua ya kulalamika. Mwaka 1843 wakafukuzwa. Kisha Tyndall akapima njia za treni, wakati Waingereza walikuwa wanajenga reli kila pahali, kazi ya mchana na usiku yenye franka nzuri. Aliiacha mwaka 1847 ili awe mwalimu katika Queenwood, shule ya sekondari yenye laboratwari, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Humo alikutana na mwalimu wa shimi, Edward Frankland, na hao wawili wakapatana: huyu amufundishe yule shimi, yule amufundishe huyu hesabu.

Mwaka 1848 wote wawili waliacha kazi, wakaenda Ujerumani, katika muji wa Marburg, kusoma kwa Robert Bunsen. (Jina la Bunsen mnalijua kutokana na taa ya gazi ya laboratwari.) Tyndall alikuwa na miaka 28, Kijerumani alijua kidogo tu, na pesa ya kuishi ilikuwa ile aliyoiweka wakati wa kazi ya treni. Alijifunza lugha kwa kusikiliza masomo ya Bunsen. Alimaliza daktari mwaka 1850, chini ya miaka miwili. Kisha akarudi Uingereza, na kazi haikupatikana. Aliomba kazi ya profesa hata katika Toronto, inchi ya Kanada, wakamukatalia. Mwaka 1853 tu, baada ya kutoa hotuba moja katika Royal Institution ya London na watu kuipenda sana, akapewa pale kazi ya profesa wa fizike. Alikaa katika nyumba ile miaka 34.

Pale alimukuta Michael Faraday, mutoto wa mufua chuma, mwenye kugundua mambo makubwa ya umeme. Faraday alikuwa muzee wa kanisa dogo sana la Kikristo na hakukosa ibada. Tyndall yeye hakuwa tena mutu wa kanisa. Watu hao wawili walipendana sawa baba na mwana. Faraday alipokufa mwaka 1867, Tyndall akashika nafasi yake, akaandika kitabu juu yake kwa heshima kubwa.

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Tyndall alipenda milima. Mwaka 1856 alienda Uswisi kutazama mito ya barafu, na tangu hapo alirudi karibu kila mwaka. Mwaka 1861 alikuwa mutu wa kwanza, pamoja na viongozi wake wawili wa mulima, kufika juu ya Weisshorn, mulima wa metre 4.506. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wamekwisha kujua kwamba zamani barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya. Basi swali likabaki: ni nini iliyobadilisha hali ya hewa ya dunia vile? Mufaransa Joseph Fourier alikuwa ameandika tangu miaka ya 1820 kwamba hewa inashika joto la dunia. Lakini hewa gani, kwa sababu hewa ni muchanganyiko? Hakuna mutu aliyekuwa amepima vizuri.

Mwaka 1859 Tyndall alianza kupima. Alitwaa bomba refu la shaba na kuliziba huku na huku. Hakutumia kioo, sababu kioo kinazuia joto lile la kusafiri bila kushika kitu. Alitumia vipande vya chumvi ya mawe vilivyosuguliwa mpaka viking'aa, sababu chumvi inaliacha lipite. Upande mumoja aliweka chombo cha maji yanayochemka. Upande mwingine aliweka mashini ndogo ya kugeuza joto kuwa umeme, na sindano ya kuonyesha umeme ule. Kisha chombo cha pili cha moto kililetwa kwa upande wa nyuma wa mashini mpaka joto la pande zote mbili likalingana na sindano ikasimama kwa ziro. Ikiwa gazi fulani ndani ya bomba inakula joto hata kidogo sana, sindano inatembea. Kazi ya kuchosha. Majuma na majuma alipata vipimo visivyosimama, akaanza tena.

Matokeo yake ndiyo haya. Oksijeni na azoti, ambazo ni karibu hewa yote tunayovuta, zinaacha joto lipite karibu sawa vile bomba ni tupu. Lakini mvuke wa maji unalishika joto kwa nguvu. Gazi ya kaboni, ile tunayoitoa kwa pumzi na inayotoka kwa makala yanayowaka, nayo inalishika. Hata harufu ya marashi ilishika joto mara nyingi kuliko hewa kavu yenyewe. Basi kitu kidogo kabisa ndani ya hewa kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko vile vingine vyote. Tyndall alieleza kwamba mvuke wa maji ni sawa blanketi kwa mimea, na kwamba mukiuondoa usiku mumoja tu, mimea ya Uingereza itaharibika kwa baridi. Akasema pia kwamba kupungua ao kuongezeka kwa gazi hizo kungeweza kuwa sababu ya barafu ile ya zamani. Mwalimu mukubwa wa Berlin, Gustav Magnus, alikataa kwamba mvuke unashika joto, na walibishana miaka mingi. Tyndall alikuwa na haki.

Lakini tuseme pia jambo ambalo vitabu vingi viliacha. Mwaka 1856, mbele ya Tyndall, mama mumoja wa Marekani, Eunice Foote, alikuwa ameweka gazi mbalimbali ndani ya machupa ya kioo juani, akaona ile ya gazi ya kaboni inapata joto kupita zingine. Akaandika kwamba dunia yenye gazi hiyo nyingi ingekuwa na joto zaidi. Katika mukutano wa wataalamu, mwanaume ndiye alimusomea maandiko yake. Hakuna alama kwamba Tyndall aliyasoma. Wadada wa kilasi yetu walituomba tuandike jina lake kwa herufi zinazoonekana: EUNICE FOOTE.

Leo tunajua hesabu hiyo inafika wapi. Mbele ya wakati wa viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, gazi ya kaboni ilikuwa karibu 280. Sasa imepita 420.

Na vumbi? Vumbi lilikuja kama adui. Mwaka 1868 Tyndall alikuwa anapitisha nuru kali ndani ya bomba la kioo ili aone namna inavyovunja mivuke ya shimi. Alitaka hewa safi kabisa. Lakini kila mara mushale wa nuru ulionekana ndani ya bomba, maana yake uchafu uko. Aliipitisha hewa katika asidi na katika potasi, vumbi likapita. Mwisho, mbele ya kuiingiza, aliipitisha polepole juu ya muwako wa taa ya alikoli. Mara moja nuru ikapotea! Vumbi lile lilikuwa limeungua. Basi vumbi la nyumba ya London, ambalo watu walifikiri ni udongo na majivu tu, kwa sehemu kubwa lilikuwa kitu kinachoungua, kitu kilichotoka kwa viumbe vyenye uhai.

Mutu mwingine angeshukuru kupata hewa safi, akarudia kazi yake ya kwanza. Yeye alifuata vumbi. Aliweka taa chini ya mushale wa nuru katika chumba cha giza, akaona kitu cheusi kinapanda sawa moshi muzito. Moshi wa nini, na muwako ni safi? Haukuwa moshi. Ilikuwa hewa isiyo na vumbi, na pasipo vumbi nuru haina kitu cha kugonga, hivi jicho linaona giza. Kisha akapuliza pumzi yake mwenyewe kwa bomba la kioo katikati ya mushale. Pumzi ya mwanzo, vumbi. Pumzi ya mwisho, ile inayotoka chini kabisa ya mapafu, ilitoboa tundu jeusi katika nuru. Vumbi lilibaki ndani ya kifua chake. Wenzetu wanaofagia kilasi bila kunyunyiza maji wasome tena mustari huu.

Kutoka hapo alitengeneza kofia ya kupumulia kwa wazima-moto wa London, yenye pamba iliyolowanishwa na glisirini pamoja na makala, na mwaka 1871 aliieleza mbele ya watu. Alifundisha pia juu ya rangi ya mbingu. Aliona kwamba vitu vikiwa vidogo sana, vidogo kuliko mikroskopi inavyoweza kuonyesha, vinatupa pembeni rangi ya bluu kuliko rangi nyekundu, na akapata mbingu ndogo ya bluu ndani ya bomba lake. Hapo alikuwa na haki kwa nusu. Alifikiri kwamba vumbi la namna hiyo linahitajika kwa kufanya mbingu bluu. Lord Rayleigh alionyesha baadaye kwamba hewa yenyewe inatosha. Lakini jua jekundu la kiangazi, wakati watu wanachoma majani na moshi unatanda pote, ile moshi iko na kazi yake ndani, sawa Tyndall alivyofundisha. Na leo wataalamu wanaopima hali ya hewa wanajua kwamba vumbi na moshi vinabadilisha joto la dunia: vingine vinarudisha nuru ya jua juu, vingine vinaila. Mulima Pinatubo wa Ufilipino ulipopasuka mwaka 1991, ulitupa juu gazi ya salfa iliyogeuka matone madogo sana, na dunia ikapoa karibu nusu ya digri kwa muda wa mwaka moja ao miwili.

Sasa tunafika kwa mambo magumu.

La kwanza linahusu dini. Mwaka 1872 Tyndall alipeleka kwa gazeti wazo la rafiki yake kwamba wagonjwa wa sehemu moja ya hospitali waombewe na Wakristo wote wa inchi miaka kadhaa, kisha wahesabiwe kama walipona kuliko wengine. Wachungaji walikasirika. Mwaka 1874, katika muji wa Belfast, alipokuwa prezida wa mukutano mukubwa wa wataalamu wa Uingereza, alisema wazi kwamba maswali ya namna ulimwengu ulivyofanyika ni ya sayansi, wala viongozi wa dini hawana amri juu yake. Juma lililofuata alihubiriwa vibaya katika makanisa, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki pamoja. Ndugu wamoja hapa walituuliza juu ya nini gazeti la shule ya misioni liandike maisha ya mutu kama huyo. Jibu letu ni kwamba Faraday, aliyeomba kila siku, hakumufukuza. Na sisi wenyewe hatukubaliani naye: mutu anayeombea ndugu yake hafanyi ekisperiansi. Lakini vipimo vyake ni vya kweli, na ukweli wake haubadiliki kwa sababu ya mutu aliyevipima.

La pili lilituumiza zaidi. Mwezi wa kumi 1865, katika kisiwa cha Jamaika, watu weusi wa Morant Bay waliasi juu ya umasikini na hukumu mbaya. Kiongozi wao Paul Bogle alikuwa shemasi wa Kibatisti. Gavana Edward Eyre alituma waaskari. Watu zaidi ya 400 waliuawa, na Bogle alinyongwa. Katika Uingereza watu walijigawanya. Charles Darwin, na Thomas Huxley rafiki mukubwa wa Tyndall, walitaka gavana ahukumiwe. Tyndall alijiunga na wale waliomutetea gavana. Yeye mwenyewe alikuwa amefukuzwa kazi kwa kulalamika juu ya kuzarauliwa kwa watu wa inchi yake! Tulisoma jambo hilo mara mbili tukifikiri tumekosea. Hatuna neno la kulipunguza, na tunaliacha hapa jinsi lilivyo.

Tuendelee. Mwaka 1872 na 1873 alizunguka miji mikubwa ya Marekani akitoa hotuba, na watu walijaa. Faida yote, karibu dola 13.000, hakuichukua. Aliiacha kule iwasaidie vijana wa Marekani kusoma fizike.

Kisha akapigana vita ya mikrobi. Wakati ule daktari Henry Bastian alifundisha kwamba uhai mudogo unazaliwa peke yake katika supu inayooza. Louis Pasteur wa Ufaransa alikataa. Tyndall alifanya sanduku la mbao lenye kioo mbele, akapaka glisirini ndani ili vumbi linate. Alingoja siku tatu mpaka mushale wa nuru usionekane tena ndani. Hapo akatia supu ya nyama, ya samaki, ya mboga katika eprufeti, akaichemsha dakika chache. Supu za ndani ya sanduku zilikaa safi miezi mingi. Zile zilizowekwa inje zilioza kwa siku chache. Ilionekana vita imekwisha.

Lakini mwaka 1876 mambo yaligeuka. Alitumia majani makavu ya ngombe, na supu yake ilioza hata baada ya kuchemshwa sana. Hata nyama na mboga, zilizokaa safi mwaka uliopita, sasa zikaoza ndani ya sanduku lile lile. Adui zake wangefurahi kusikia. Angeweza kunyamaza. Aliandika kila kushindwa kwake na kulitangaza. Mwisho alielewa kwamba majani yale ya zamani yalikuwa yamejaza laboratwari yake mbegu za mikrobi zenye ganda gumu, zisizokufa kwa maji ya kuchemka. Alihamisha vyombo katika Kew, inje ya London, na pale supu zikakaa safi tena. Akagundua pia dawa ya mbegu zile: kuchemsha kidogo, kungoja mpaka zianze kuota na kuwa laini, kuchemsha tena, na tena. Namna hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1881 alikusanya kazi hiyo katika kitabu juu ya vitu vinavyoelea katika hewa.

Mwaka 1876, akiwa na miaka 55, alikuwa ameoa Louisa Hamilton, binti wa watu wakubwa, aliyekuwa na miaka 30. Hawakupata mutoto. Louisa alimusaidia katika laboratwari na kuandika barua zake. Maisha yote Tyndall alisumbuliwa na usiku usio na usingizi, na katika uzee ikazidi. Aliacha kazi mwaka 1887, wakahamia kijiji cha Hindhead, kwa sababu ya hewa nzuri ya kilima kile.

Karibu na kitanda kulikuwa na dawa mbili. Moja ni manyezia ya tumbo, nyingine ni kloroli ya kuleta usingizi. Asubuhi ya tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1893, Louisa akamumiminia ya kloroli akifikiri ni manyezia. Tyndall alijua mara moja alipoionja, na akamwambia. Waliita daktari, wakajaribu yote. Alikufa siku ile ile.

Louisa aliishi zaidi ya miaka 46 baadaye. Alikusanya barua zake na vitabu vyake vya kila siku, akataka kuandika maisha yake yeye mwenyewe, na hakuruhusu mwingine aandike mbele yake. Alikufa mwaka 1940 kitabu hakijaisha. Watu wengine walikimaliza, kikatoka mwaka 1945.